Kodingi nyumbani bila kulipia, naanzaje?

SWALI: Habari za kazi dada. Mi ni mama wa wawili niko Mwanza, huyu mkubwa ana miaka 7, shule imeleta karatasi eti tulipie masomo ya kodingi pembeni, hela yenyewe ndefu na mi kodi ninayoijua ni ya nyumba tu hahaha. Home tuna simu yangu iliyopasuka kioo na laptopu ya zamani ya shemeji. Naweza kumwanzishia mwenyewe?

JIBU: Unaweza sana mama, na hiyo laptopu usiiwashe kwanza. Chezeni roboti. Wewe ndo roboti, yeye bosi, akuamrishe ujaze kikombe maji, ila ufanye kile tu alichotamka, usimsaidie hata chembe. Wa kwangu kaniambia "mimina maji", nikamimina, sakafuni! Alicheka mpaka kikohozi, akaanza upya, shika jagi, lete juu ya kikombe, inamisha, akasahau kuniambia niache, kikombe kikafurika. Kodingi ndo hiyo sasa, kuipa kompyuta amri moja moja, maana haikisii ulichokuwa unamaanisha. Fanyieni uani lakini, mi nilideki sebule nzima.

Akishazoea mwambie akutembeze umbo la mraba, mbele hatua 3, geuka kulia, mbele hatua 3, geuka kulia... akichoka kurudiarudia ndo unampa neno "rudia mara 4", utamwona macho yanavyomtoka. Wala si mambo mapya, Seymour Papert, mzaliwa wa Afrika Kusini, na wenzake walitoa Logo, lugha ya kuiamrisha kompyuta, mwaka 1967, watoto wakawa wanamwendesha kobe wa kompyuta kwa amri hizihizi, wakikwama wanajifanya kobe wenyewe.

Laptopu sasa. Kama ina Windows 10 au zaidi, pakua Scratch, programu ya watoto ya kodingi iliyotoka chuo cha MIT kule Marekani, ni bure, ipo tangu 2007, ina hadi Kiswahili, na ukishaiweka inafanya kazi bila bando. Wenyewe wanasema ni ya miaka 8 hadi 16 ila huyo wa 7 ukikaa naye anaweza, ni kuunganisha vipande vya rangi tu. Kuna paka tayari humo, muulize anataka paka afanye nini, akisema amkimbize kuku wa bibi basi mtengeneze hicho hicho, na tafadhali usimpokonye mausi hata akikosea mara ishirini.

Karatasi ya shule iweke kwenye droo kwanza, mpaka uone kama anaiulizia laptopu mwenyewe.