Jibu: Bunduki ya marehemu baba

Pole sana kwa msiba, ndugu. Umeuliza kama unaweza kubaki na shotigani ya marehemu kwa kuwa leseni yake bado haijaisha muda. Hapana. Leseni ni ya mtu, hairithiwi kama shamba. Hapa Tanzania, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka silaha ya aliyefariki ikabidhiwe polisi. Mpigie kwanza mkuu wa kituo, usije ukakamatwa njiani na bunduki isiyo yako. Peleka na risasi zote, hata zile mbili tatu za kwenye droo, pamoja na leseni na cheti cha kifo. Tafadhali usiondoke bila hati ya makabidhiano yenye namba ya silaha. Ukiitaka, omba leseni yako mwenyewe, ukianzia serikali ya mtaa.