Kabla Hujaiwasha Tena vCenter Iliyodondoka, Soma Logi

Wiki hii nimepata ujumbe wa kijana anayesimamia seva za taasisi moja kwa vCenter, programu ya VMware ya kusimamia mashine pepe zote mahali pamoja: "Shikamoo kaka. vCenter yetu haikai. Nikiiwasha inarudi, baada ya muda inadondoka tena. Bosi ameanza kuniuliza kama kazi hii naiweza."

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyonikalisha chini kuandika. Swali hilo nami nimeulizwa, tena mbele ya watu.

Mdogo wangu, kwanza mtulize bosi. vCenter ikidondoka, mashine pepe (kompyuta za kiprogramu zinazoishi ndani ya seva) hazidondoki nayo. Zinaendelea kufanya kazi kwenye hosti zake, yaani seva halisi zinazoendesha ESXi, wahasibu wanaendelea na mfumo wao, na HA, inayoziwasha mashine kwenye hosti nyingine hosti yake ikifa, kama ilishawekwa inaendelea kulinda. Unachokosa ni usimamizi: vMotion (kuhamisha mashine bila kuizima) haipo, DRS (kugawa mzigo kati ya hosti) haipo, na bakapu ya usiku huenda ikafeli kwa sababu programu nyingi za bakapu hupitia vCenter. Ukihitaji kugusa mashine yoyote, ingia kwenye hosti yake moja kwa moja kwa kivinjari. Mweleze hayo mapema, kabla hajaanza kupigia wakurugenzi simu.

Sasa nikusimulie ya kwangu. Huduma iliyokuwa inatusumbua ni vpxd, ambayo ndiyo vCenter yenyewe. Ikilala hiyo, ukurasa wa kuingilia hauna faida. Tunaikuta imelala, tunaiwasha, kabla chai haijaisha imelala tena. Uongozi ukaita mshauri kutoka nje. Akasema seva imeelemewa, iongezwe RAM, na ikishindikana vCenter isimikwe upya. Nikauliza kikaoni kama kuna aliyefungua vpxd.log, logi ambamo huduma hiyo huandika kila inachofanya. Nikajibiwa nimwache mtaalamu afanye kazi yake, na hapo ndipo likaja lile swali la kama kazi naiweza. RAM ikaongezwa. vpxd ikaendelea kulala.

Jioni wenzangu walipoondoka nilibaki. Nikaiwasha huduma, nikaweka saa mezani, nikaitazama. Ikazima kabla ya robo saa kuisha. Nikaiwasha tena, ikawa vilevile. Hapo nikajua RAM inasingiziwa, maana seva iliyoelemewa hudondoka ovyo ovyo, haifuati ratiba. Ukiona kitu kinazima kwa ratiba, tafuta anayekizima.

Na anayekizima yumo humohumo. vCenter ina ulinzi wa databesi yake: kwa mpangilio wa kawaida, kila dakika 15 hukagua nafasi ya diski. Ikifika asilimia 80 inatoa onyo. Ikifika asilimia 95 inaizima vpxd kwa makusudi, ili databesi isije ikajaa na kuharibika. Sisi tulikuwa tunaiwasha, ukaguzi unaofuata unaizima.

Nikaingia kwenye seva kwa SSH, nikaandika df -h, amri inayoonyesha diski zimejaa kiasi gani. /storage/seat ilisoma asilimia 96. Humo ndimo zinamokaa takwimu, matukio, tahadhari na kazi zote zilizofanyika. Nikafungua jedwali la matukio, nikakuta mstari juu ya mstari wa akaunti ileile: imeingia, imetoka, imeingia, imetoka, sekunde chache kati ya mmoja na mwingine. Ilikuwa akaunti ya programu ya ufuatiliaji iliyofungwa na mradi mwingine. Kila ilipotaka kusoma namba moja ilifungua mlango upya na kuacha rekodi mbili.

Tuliisimamisha ile programu, tukaongeza ukubwa wa diski, tukapunguza siku za kutunza matukio, ambazo kwa kawaida ni 30, kisha programu ikarekebishwa itumie kikao kimoja. vpxd ikatulia. Barua pepe ya pongezi ilipotoka ilikuwa na jina la mshauri. Langu halikuwemo. Limepita, lakini bado linaniuma.

Ndiyo maana nawaambia vijana wa TEHAMA kila ninapopata nafasi: kuwasha upya huduma bila kusoma logi ni kumpa mgonjwa Panadol bila kumpima malaria. Homa inashuka, ugonjwa unabaki. Tena unajiharibia ushahidi, kwa sababu logi huzunguka na za zamani hufutwa. Soma kwanza! Nakili /var/log/vmware/vpxd kabla hujagusa chochote, na uandike saa kamili huduma ilipolala na ulipoiwasha. Msimamizi asiyesoma logi atakuwa mtumwa wa kila mshauri anayepita.

Si lazima ya kwako iwe diski. service-control --status --all itakuonyesha ni huduma zipi zimelala. df -h ifuatane na df -i, maana nafasi inaweza kuwepo ila faili ndogondogo zimemaliza inodi, yaani idadi ya faili ambazo diski inaweza kuzisajili. /storage/archive ikijaa usiogope, imeundwa ijae. Angalia /var/core kama kuna faili mpya: zikiwepo, huduma inaanguka kweli, haizimwi. Kagua vyeti vya usalama, hasa cha STS, huduma inayothibitisha wanaoingia, kwa sababu vina muda wake na siku ya kuisha haibishi hodi. Jina la vCenter litafsirike kwenda IP na IP irudi kwenye jina hilohilo, na saa yake ilingane na ya hosti. Kabla ya kugusa vyeti au databesi, izime vCenter kisha piga snapshot, yaani nakala ya hali yake unayoweza kuirudia. Kama mna vCenter zilizounganishwa, zizimwe zote na snapshot zipigwe kwa pamoja.

Lakini kwako naanza na saa. Ujumbe wako unasema "baada ya muda", na muda huo ndio ninaoutaka. Usiku wa leo iwashe, kaa nayo, uniandikie imedumu dakika ngapi, na unitumie df -h yote bila kukata.