Pompeii: Kabla ya Kulipia, Uliza Saa

Wiki iliyopita binti mmoja wa Bukavu anayesoma Roma aliniandikia: "Dada, nimeona safari ya siku moja: Pompeii, mlima Vesuvius na pwani ya Amalfi, zote kwa bei moja. Nilipie?" Nilimjibu hapohapo: usilipie. Halafu nikabaki na simu mkononi, maana swali lake lilinitonesha kidonda.

Mimi ni mtoto wa Goma. Januari 17, 2002, lava ya volkano ya Nyiragongo iliposhuka na kupita katikati ya mji hadi ziwani, nilikuwa na miaka tisa. Mama alijitwika godoro, mimi nikabeba sufuria ya maharage ambayo hayajaiva, tukakimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Rwanda. Ndiyo maana nilipohamia Ulaya, mahali nilipopatamani kuliko pote palikuwa Pompeii, mji wa kale wa Italia uliozikwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79.

Mara ya kwanza nililipia safari kama hiyo ya binti yetu. Tukaondoka Roma saa moja asubuhi, basi likatumia karibu saa tatu, na tulipofika hatukuingia magofuni. Tulipelekwa dukani kwanza, kutazama vito vya kuchonga kwenye kombe. Kisha chakula. Magofu tukapewa saa moja na nusu, na mji ule una hekta 66 hivi! Tulikimbizwa nyuma ya bendera ndogo: uwanja mkuu, bafu, basi. Nikamwomba mwongozaji atufikishe Bustani ya Waliokimbia, kule kusini-mashariki, yalipo maumbo ya plasta ya watu waliokufa wakikimbia. Akasema ni mbali. Nikamwambia, "Natoka Goma. Volkano ilituchomea nyumba." Akatazama saa yake, akainua bendera. Nilirudi Roma nikilia dirishani, na bado inaniuma.

Baada ya miaka miwili nilirudi kwa mpango wangu mwenyewe, na hilo najivunia. Nililala Naples, nikapanda treni ya Circumvesuviana, nikashuka kituo cha Pompei Scavi–Villa dei Misteri. Lango la kuingilia magofuni, Porta Marina, liko hatua chache tu. Nilishatafuta mwongozaji mwenye leseni. Tulikuwa watu sita, saa nne nzima.

Mwongozaji huyo, mama mmoja, alianza kwa kutuinamisha barabarani. Magurudumu ya mikokoteni yamechimba mifereji kwenye mawe. Niliingiza vidole vikazama. Kati ya mifereji yamepangwa mawe makubwa ya kuvukia, ili watu wasikanyage maji machafu na mikokoteni ipate kupita. Kisha akanipa jiwe la volkano lenye matundu, jepesi kama mkate mkavu. Mawe ya namna hiyo yalinyesha kwa saa nyingi hadi mapaa yakaporomoka. Wengi waliwahi kuondoka. Waliobaki waliuawa na mawingu ya joto na majivu yaliyoteremka mlimani kesho yake asubuhi. Plinius Mdogo, mwandishi wa Kirumi aliyekuwa na miaka 17 wakati huo, ameandika kwamba mjomba wake na wenzake walijifunga mito ya kulalia vichwani kwa vitambaa ili kujikinga na mawe. Mwongozaji aliposema mito, nilimwona mama yangu na godoro lake.

Bustanini nilikaa karibu nusu saa. Miili ilioza ndani ya majivu yaliyogandamana ikaacha uwazi wenye umbo la mtu. Mwaka 1863 Giuseppe Fiorelli, mwanaakiolojia aliyesimamia uchimbaji, akaanza kumimina plasta kwenye nafasi za namna hiyo ili kupata maumbo ya waliokufa. Pale bustanini wapo 13, watu wazima na watoto. Mmoja amejiegemeza kwenye mkono kama anayetaka kuinuka. Hakuna aliyenihimiza.

Wapendwa, tumezoea kuhesabu vituo ili tuwe na picha nyingi za kurusha. Wale ni watu waliokuwa wanakimbia, kama sisi tulivyokimbia. Usiwape mgongo ukajipiga picha. Msalimie hata mmoja kimoyomoyo, ndipo uendelee.

Kwa hiyo, uliza saa. Siyo saa za safari nzima; saa za ndani ya magofu, na wakuandikie. Zikipungua tatu, tafuta kwingine. Ukitaka na Vesuvius, mpe siku yake. Ukitaka Amalfi, vilevile. Vaa viatu vya kufunga, beba kofia na chupa ya maji, mabomba ya kujazia yapo ndani. Usisahau kitambulisho, siku hizi tiketi huandikwa jina, na watu hawaruhusiwi kuzidi 20,000 kwa siku, kwa hiyo nunua mapema. Lakini kwanza saa.

Binti yangu wa Bukavu, wapigie kesho. Wakishakutajia saa, waulize na hili: mtatufikisha Bustani ya Waliokimbia, ndiyo au hapana?