Kihamba cha mzee, ning'oe kahawa niweke parachichi?

Kaka, umesema mzee amekuachia kihamba (shamba la ukoo la nyumbani) huko Kibosho, Moshi, kahawa imezeeka, vibarua hawapatikani, jirani anakushawishi ung'oe yote uweke parachichi, na kuna dalali anataka akuuzie eneo kama viwanja. Usikurupuke.

Vibarua hawajapotea tu hivi hivi. Zamani kahawa ndo ilisomesha watoto uchagani, ila ule mkataba wa dunia wa mgao wa kahawa ulipovunjika 1989 bei ikaporomoka, vijana wakaona bora bodaboda au kubeba mizigo ya watalii Mlima Kilimanjaro, siku sita anashuka na tipu yake, sasa we umwambie akachume kahawa kwa debe si atakuona unamchezea? Na kahawa haisubiri, ikiwa nyekundu inataka mkono, tena haiivi pamoja so unarudia mti huo huo mara kibao. Parachichi hapo ni afadhali, tunda linakungoja mtini.

Ila Hass, ile aina ya parachichi ya kuuza nje, inataka maji, hata mche wa kubebesha (uliounganishwa) utasubiri kama miaka mitatu, na mnunuzi akikataa saizi umekwama nayo.

Mi ningeng'oa mistari iliyochoka tu, migomba nisiguse kabisa, ndizi ndo hela ya chapchap pale soko la Mbuyuni na ng'ombe anapata majani (mama atakushukuru). Yule dalali wa viwanja mwambie hiki ni kihamba cha ukoo asirudi tena.

Afu mfereji wa kumwagilia bado unapita hapo kwenu au ulishakauka? Maana bila huo sahau parachichi.