Jibu kwa dada aliyehamishiwa mitihani ya mawakili: pesa ya mafunzo uiweke wapi

Dada, swali lako nimelisoma mara tatu. Unasema umetolewa ofisi ya rejista ukapelekwa kwa kamati inayoshughulika na mitihani na leseni za mawakili hapa Kampala, digrii ya sheria unayo lakini kazi yenyewe hakuna aliyekufundisha, na mkubwa wako amekwambia kuna pesa kidogo ya mafunzo chagua mwenyewe: semina ya siku tatu hotelini Entebbe, safari ya Nairobi kuona wenzetu wanafanyaje, au kozi ya mtandaoni ya Wamarekani. Wengi waliokujibu wamekwambia nenda Nairobi. Mimi naona tofauti kidogo, na nitaeleza kwa nini, itakuwa ndefu, nivumilie.

Mimi ni mtu wa Arua, mama alikuwa na meza ya maharage na simsim sokoni. Wale watu wa viwango wakija kukagua mizani, hawamuulizi mama kama ni mwaminifu wala amesoma mpaka wapi, wanatoa vyuma vyao vya kupimia, wanaweka juu ya mizani, wanaangalia mshale unasimama wapi, ikiwa sawa wanabandika stika, ikiwa mbovu wanaichukua. Mama alikuwa mwaminifu sana lakini mwaka mmoja mizani yake ilikuwa inakula watu karibu nusu kilo na yeye mwenyewe hajui. Hiyo kitu haikunitoka kichwani. Nilipoingia kazi ya mitihani miaka 14 iliyopita nikakuta watu waaminifu kabisa, wasomi, wanashika mizani ambayo haijawahi kukaguliwa na mtu.

Nilianzia kwa bodi ya taaluma nyingine, siyo ya mawakili, na sitaitaja. Baadaye ndiyo nikahamia upande wa sheria. Kule kwa kwanza mwaka wa pili nilipewa kazi ya kupanga masahihisho, nikaomba ruhusa nijaribu jambo moja: nikatoa kopi za karatasi 9 za watahiniwa, nikazifuta namba, nikawapa wasahihishaji 7 kila mmoja kwa wakati wake, na mwongozo wa majibu wote wanao uleule. Karatasi moja ilipata 34 kwa mmoja na 58 kwa mwingine. Mstari wa kufaulu ulikuwa 50. Yaani yule kijana kufaulu kwake kulitegemea bahasha yake imeangukia meza ya nani, na sisi tulikuwa tumeshafanya hivyo miaka na miaka, tunatoa matokeo, watu wanalia kwenye ubao wa matangazo, tunawaambia mwakani someni vizuri. Ile siku sikula chakula cha mchana. Nilikuwa nawakumbuka wale niliowaambia mimi kwa mdomo wangu.

Kwa hiyo dada, ukiniuliza mafunzo ya kwanza ni yapi, nitasema ni hayo, na hayahitaji hoteli. Chukua karatasi za zamani kumi hivi, futa majina na namba, kaa na wasahihishaji wako Jumamosi moja, kila mtu asahihishe peke yake bila kuangalia ya jirani, halafu andikeni alama zote ubaoni. Usianze kumlaumu mtu. Uliza tu, wewe umeona nini hapa mpaka ukampa 12, na wewe umeona nini mpaka ukampa 6? Utakuta mmoja anatoa alama kwa kutaja kifungu cha sheria, mwingine kwa kumshauri mteja vizuri, wa tatu anakata kwa sababu ya mwandiko na hajui kama anakata. Mkimaliza mnaandika upya mwongozo wa majibu hapohapo, ndiyo mnaanza kusahihisha za kweli. Wenzetu wa UNEB wanaosahihisha mitihani ya mashule wanajua hii kazi, wanafundisha wasahihishaji kabla hawajagusa karatasi, na mtu anashika swali moja lake badala ya kitabu kizima cha mtahiniwa. Tafuta mzee mmoja aliyestaafu aliyewahi kuongoza meza ya masahihisho huko, umlipe nauli na posho ya heshima, atakufundisha zaidi ya semina yoyote.

Sasa jambo la pili ndilo watu wanaliogopa, mstari wa kufaulu. Huku kwetu tumezoea 50, tunaona kama imeshuka mbinguni. Angalia Marekani maana umetaja kozi yao. Majimbo mengi kule yanatumia mtihani mmoja wa pamoja wa uwakili, alama ya juu ni 400, na unatengenezwa na taasisi inayoitwa NCBE, ilianza 1931, makao yake yako Madison kule Wisconsin. Mtihani ni mmoja, lakini kila jimbo linachora mstari wake, kati ya 260 na 270. Minnesota ni 260, New York ni 266. Mtu akipata 263 Minnesota ni sawa, New York haijatosha, na ni kichwa kilekile, usiku uleule wa kusoma. Hapo ndipo utaelewa mstari unachorwa na watu, na watu wakichora lazima waweze kusema kwa nini wamechora hapo.

Kuna njia ya kuuchora inayofundishika kwa siku moja. Inaitwa kwa jina la Angoff, mtaalamu wa vipimo aliyeieleza 1971. Mnakaa mawakili kama 8 hivi wenye kazi mikononi, wengine wa mjini wengine wa upcountry, msiite maprofesa watupu. Mnakubaliana kwanza kumuelezea mtu mmoja: wakili mpya anayetosha kwa shida, yule ambaye ukimpa faili la dhamana Soroti kesho asubuhi hataharibu, lakini hana cha ziada. Mkishamuona wote machoni, mnachukua swali la kwanza, kila mmoja anaandika peke yake: watu 100 wa namna hiyo wakikaa, wangapi watalipata? Huyu anasema 70, yule 45. Mnajadili, kila mtu yuko huru kubadilisha, mnachukua wastani, mnaenda swali linalofuata. Ukijumlisha wastani wa maswali yote ukagawa kwa idadi ya maswali, hiyo asilimia ndiyo mstari wenu. Mara ya kwanza nilipoiongoza, tena upande wa sheria, tulibishana saa mbili kwa swali moja la ardhi, kumbe swali lenyewe lilikuwa gumu hata kwa wakili wa miaka kumi, tukalitoa. Bila kile kikao lile swali lingeangusha watu na sisi tungesema vijana wa siku hizi hawasomi.

Na mtihani wa mwaka huu haufanani na wa mwaka jana, huo ni ukweli hata ufanye nini. Wamarekani kwa ile sehemu yao ya maswali 200 ya kuchagua wanarudisha baadhi ya maswali yaliyowahi kutumika, wanaangalia watu wameyafanyaje safari hii, ndiyo wanajua mtihani mpya umekuwa mgumu au mwepesi na wanarekebisha alama. Tena kati ya yale 200, 25 hayahesabiwi kabisa, yanajaribiwa tu kwa ajili ya miaka ijayo na mtahiniwa hajui ni yapi. Sisi wa maswali ya kuandika hatuwezi kunakili hiyo moja kwa moja, lakini unaweza kuanza kwa kuweka rekodi: kila swali wangapi walipata nusu, wangapi waliacha wazi, wale waliofanya vizuri kwa ujumla walilifanyaje. Daftari la Excel kwenye kompyuta linatosha.

Hiyo kozi ya mtandaoni kama ni ya hao NCBE, ichukue ukiweza, na jarida lao linasomeka bure mtandaoni, linaandikwa kwa ajili ya watu wa kazi yako hasa, wanaoendesha mitihani ya uwakili. Lakini soma na yaliyowashinda. Februari 2025 California waliacha maswali waliyozoea kununua kwa NCBE, wakaleta mtihani wao kwa mfumo mpya wa kompyuta, watu wakakatika katikati ya majibu, wengine hawakuweza hata kuingia, na baadaye, Aprili, wakakiri kuwa baadhi ya maswali ya kuchagua yalitengenezwa kwa msaada wa akili bandia. Mahakama ya juu ya jimbo ikaamuru kwamba kwa mtihani wa Julai warudi kukaa ukumbini na kutumia yale maswali ya NCBE. Nakutajia hii kwa sababu najua kuna mtu atakuja ofisini kwako na projekta akuuzie mfumo. Muulize umeme ukikatika Lira saa nne asubuhi mtahiniwa anafanya nini. Asipojibu haraka mwambie arudi siku nyingine.

Nairobi siyo kwamba usiende. Kuna kitu kimoja cha kuona kule: anayefundisha na anayetahini wametenganishwa, shule yao ya sheria inafundisha na Baraza la Elimu ya Sheria ndilo linatahini. Kwetu LDC (Law Development Centre), chuo cha kozi ya uwakili, toka 1970 inafundisha na kutahini yenyewe chini ya macho ya Law Council, baraza linalosimamia mawakili na elimu ya sheria, na mjadala wa kuruhusu vyuo vingine vifundishe kozi ya uwakili na mtihani uwe mmoja wa kitaifa umekuwepo. Siku hiyo ikifika vyuo vingi vitaleta watu kwa mtihani mmoja na mizani italazimika kuaminika kuliko sasa. Kwa hiyo ukienda usipigwe picha mlangoni, omba ukae ndani ya kikao cha wasahihishaji au cha kupitisha maswali, hata nusu siku. Wakikataa, afadhali hiyo nauli ulipie kikao chako mwenyewe.

Upande wa leseni sasa. Hapa mafunzo yake ni ya aina nyingine maana unasoma mafaili ya tabia, mtu alifukuzwa kazi, mtu ana kesi ya cheki, mtu alidanganya kwa fomu. Kule nilikoanzia tuliwahi kumkataa mtu kwa barua ya sentensi moja, ombi lako halikufanikiwa, basi. Mimi ndiye niliichapa. Hakuitwa, hakuambiwa kosa, alikuja akasimama dirishani kwangu akauliza nimefanya nini na mimi najua na sikuruhusiwa kumwambia. Baadaye nilikuja kusoma Katiba yetu ya 1995 kwa macho mengine, ibara ya 42 inasema mtu yeyote anayefika mbele ya ofisi ya utawala atendewe kwa haki na anaweza kwenda mahakamani juu ya uamuzi uliotolewa dhidi yake, ibara ya 28 ni kusikilizwa kwa haki, na ya 44 inasema hiyo ya kusikilizwa haiondolewi kwa namna yoyote. Digrii unayo, haya ulisoma mwaka wa kwanza. Lakini kuyajua na kuandika barua ya uamuzi ni vitu viwili. Fanyeni zoezi: chukua faili la zamani lililofungwa, kila mjumbe wa kamati aandike barua ya kukataa yenye sababu, kurasa moja na nusu, halafu mpeni wakili mmoja wa nje aisome kama anaenda kufungua kesi ya kupinga, ambayo kwa kawaida ana miezi mitatu ya kuifungua. Atakuonyesha matundu yote. Sisi tulifanya hivyo mara mbili kwa mwaka na barua zetu zilibadilika kabisa, hata waliokataliwa walikuwa wanarudi na karatasi zilizokamilika kwa sababu wamejua kilichopungua.

Watahiniwa wenye ulemavu usiwaache wawe jambo la asubuhi ya mtihani. Sheria ya watu wenye ulemavu ya 2020 ipo, lakini sheria haikwambii kijana asiyeona aongezewe dakika ngapi au msomaji wake akae wapi asisumbue wengine. Mwite mwenyewe mwezi mmoja kabla, kaa naye, ajaribu karatasi ya zamani kwa kompyuta atakayotumia. Mimi nilijifunza hilo kwa dada mmoja aliyeniambia programu yake ya kusoma skrini haiwezi kusoma kabisa karatasi iliyoskaniwa kama picha, na sisi mafaili yetu yote yalikuwa picha. Saa moja ya mazungumzo, tukachapa upya.

Kabla ya yote hayo, dada, keti ufanye mtihani. Mzima. Chukua wa mwaka juzi, funga mlango, weka simu mbali, tumia muda uleule bila dakika ya ziada. Nimewaambia wengi na wachache wamefanya, lakini kila aliyefanya alirudi akisema saa ya tatu mkono unauma na swali la mwisho alilikimbia, na wakati huo ndipo anaona kwamba kumbe maswali mawili yalikuwa yanauliza kitu kilekile, au kwamba faili la mteja la kurasa nane haliwezi kusomwa kwa dakika zilizotolewa.

Kuhusu pesa yenyewe, kama ni ile ndogo uliyosema, mimi ningeigawa hivi: Jumamosi mbili za kusahihisha pamoja, siku moja ya kuchora mstari, chai na nauli ya mawakili wanaotoka Mbarara na Gulu ili wasiwe wa Kampala watupu, na posho ya yule mzee wa masahihisho. Ukumbi tumia wa ofisi. Ikibaki, kozi. Na uanze kuomba zile karatasi za zamani wiki hii, kwa barua yenye sahihi ya mwenyekiti wako, kwa sababu mtunza stoo hatakupa kwa mdomo, na kuzifuta majina na namba karatasi kumi kwa mkono ni kazi ya siku nzima.