Kabla hujamwambia ndugu yako akuletee simu ya bei chee kutoka Marekani

Juzi dada mmoja wa Tabata ameniandikia inbox. Binamu yake yuko Houston, ameona Samsung dukani kwa dola 60, mpya ndani ya boksi, imeandikwa ni ya kulipia kabla. Anauliza aagize au aache. Nilikuwa nimeshika gauni la mteja, pini mdomoni. Nikazitoa pini nikakaa chini, kwa sababu swali hilo mimi sikumuuliza mtu mwaka 2021, likanigharimu pesa. Likanigharimu pia miezi kumi ya kutosemana na kaka yangu wa tumbo moja.

Wanaonifuata wanajua mimi ni fundi cherehani hapa Sinza, na wateja wangu karibu wote wananipata kwa picha ninazopandisha WhatsApp na Instagram. Kama na wewe unauza mtandaoni, huhitaji kuelezwa kamera mbovu inavyofukuza wateja. Kitenge cha Kigoma kinatoka kama tambara la deki. Kwa hiyo simu yangu ilipotumbukia kwenye beseni la maji, nilimpigia kaka yangu aliye Texas. Hakusita. Siku tatu baadaye akanitumia picha ya boksi: "Mdogo wangu, hii hapa. Dola 60 tu, ya kulipia kabla, haina mkataba." Nililia kwa furaha, sioni haya kusema.

Hapa ndipo neno lilipotuponza. Sisi huku kulipia kabla ndiyo maisha. Unanunua vocha, unajiunga kifurushi, kikiisha unajiunga tena. Hatujui simu nyingine. Ukimwambia Mtanzania simu ni ya kulipia kabla, hasikii onyo lolote. Kule lina uzito wake. Kampuni inaiuza simu kwa bei ya chini kuliko thamani yake ili ikurudishe kwake mwezi hadi mwezi ukilipia huduma. Na ili usiichukue kwa bei hiyo ukaenda kuweka laini ya jirani, inaifunga. Ile tofauti ya bei ni deni, na kufuli ndiyo dhamana yake.

Simu ilikaa kwenye kabati la kaka miezi minane, inasubiri mtu wa kuja nayo. Ikaja Julai 2022 na mama mmoja aliyekuja kwenye msiba Kimara. Nikaifungua boksi kama mwali, nikaweka laini yangu, ikaniomba namba ya siri ya kufungua mtandao. Nikajaribu 0000. Nikajaribu 1234. Nikajaribu mwaka wangu wa kuzaliwa. Msifanye hivyo jamani. Simu nyingi zina idadi ya kujaribu, ukiimaliza inajifunga kabisa na hata namba sahihi haikubaliki tena.

Kesho yake nikapanda daladala mpaka Kariakoo. Fundi wa kwanza, pale karibu na Mtaa wa Aggrey, akasema ni kazi ya kuflashi, elfu 30, niiache siku tatu. Nikaiacha. Ikarudi na programu mpya na kufuli lile lile, na elfu 30 hakurudisha. Ni kweli kufuli la mtandao halikai sehemu moja na picha na programu zako. Kuflashi kunafuta vyako na kuliacha lenyewe limekaa. Fundi wa pili akainama, akaninong'oneza kwamba ataibadilisha IMEI, ile namba ya utambulisho ya simu, ikubali. Hapo nilimshukuru Mungu kwamba nakumbuka Juni 2016, TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, walipozima simu feki usiku mmoja na watu wakaamka na vipande vya plastiki mkononi. Kubadilisha IMEI ni kosa kwa sheria ya mawasiliano ya mwaka 2010. Nikachukua simu yangu nikaondoka. Wa tatu, mzee mmoja mpole, aliipindua mara moja tu akasema, "Mwanangu, ufunguo wa hii hauko Kariakoo. Uko kwa waliokuuzia."

Usiku ule nilimtumia kaka ujumbe ambao nisingependa mwanangu auone. Nilimwambia amenitupia taka za Wazungu. Naye akanijibu neno moja: "Sawa." Tukanyamaza mpaka Mei ya mwaka uliofuata. Bado linaniuma nikiandika hapa, kwa sababu kaka alikuwa ameshawapigia kampuni simu siku ile ile, asubuhi, kabla ya ujumbe wangu kumfikia. Alitaka kunisaidia.

Walichomjibu ndicho nataka kila mwenye ndugu ughaibuni akijue. Hawahesabu siku tangu simu inunuliwe. Wanahesabu siku ambazo simu imekuwa hewani kwenye mtandao wao ikiwa imelipiwa. Ile miezi minane kabatini ilikuwa sifuri. AT&T, kwa mfano, kwa simu za kulipia kabla wanataka miezi 6 ya huduma iliyolipiwa. T-Mobile wameweka siku 365. Kila kampuni ina sharti lake na masharti hubadilika, kwa hiyo anayenunua asome ya siku ile anayonunua. Na usijidanganye na ile sheria ya mwaka 2014 ya Marekani inayoruhusu mtu kufungua simu yake. Iliondoa kosa, haikuwalazimisha wampe ufunguo asiyetimiza masharti.

Kwa maneno mengine, simu yangu ilikuwa na deni ambalo lingeweza kulipwa Marekani tu, na mimi nilikuwa nayo Sinza.

Sasa, niwe mkweli kwa upande wa pili. Simu ile sikuitupa. Kamera yake ni nzuri kuliko simu yoyote ya bei ile niliyoiona Kariakoo. Niliiunganisha na Wi-Fi ya duka, WhatsApp nikaisajili kwa namba yangu, ujumbe wa uthibitisho ukaingia kwenye kitochi, nikauandika kule. Miaka mitatu sasa inapiga picha za magauni. Kama unataka kifaa cha mtoto kusomea nyumbani au kamera ya biashara, simu iliyofungwa ni bei nzuri kweli. Ila piga hesabu ukijua unanunua hicho, usidhani unanunua simu. M-Pesa haitapokea humo. Ukitoka nje ya Wi-Fi, huna kitu.

Na hata ikifunguliwa, angalia mawili. Nyingi zina tundu moja la laini, na sisi wa Dar laini moja ni ya pesa, nyingine ni ya vifurushi. Halafu masafa: 2G yetu iko kwenye 900 na 1800, ya Marekani imekuwa 850 na 1900, na kwenye 4G pia kila nchi ina masafa yake. Baadhi ya simu za bei chee zimetengenezwa kwa ajili ya kule tu. Utaifungua, na mtandao utashika kwa kusuasua.

Mwaka jana kaka akaniambia anahitaji simu ya pili kwa kazi yake ya usiku. Safari hii tulikaa tukazungumza kama watu wazima. Alinunua nyingine ya dola 60, akaiwasha kwa jina lake, akailipia dola 25 kwa mwezi, miezi 6 kamili. Akaomba ifunguliwe, wakaifungua bila neno. Ndiyo hii ninayoandikia sasa, imetimiza mwezi mkononi mwangu na inashika laini yoyote. Lakini jumlisha: 60 na 150 ni dola 210. Simu ya wazi ya aina hiyo hiyo angeipata kwa 180. Tulipata faida kwa sababu ile laini kaka alikuwa anaihitaji hata hivyo. Kama angeilipia kwa ajili yangu tu, tungekuwa tumepoteza tena.

Jamani, tuache kupenda bei kabla ya kuuliza sharti. Wengi mnaniandikia mmechukua simu ya mkopo hapa hapa Dar, mmekosa malipo ya siku mbili, simu imejifunga, mnadhani ni kitu kimoja na hiki changu. Si kimoja. Ile inafungwa na deni lako na inafunguka ukilipa, uwe Mbagala au Bunju. Hii inafungwa na mtandao. Nazo zile ruta ndogo za kampuni zetu nyingi zinakubali laini ya kampuni hiyo tu, na hakuna anayekuambia mpaka umeshalipa. Uliza! Aliyezaliwa mjini haoni haya kuuliza. Kabla pesa haijatoka mkononi, chomeka laini ya kampuni nyingine pale pale dukani. Kama ni iPhone, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya Kuhusu, uhakikishe imeandikwa hakuna kizuizi cha laini. Muuzaji akikataa usijaribu, umeshapata jibu.

Uingereza wamezipiga marufuku simu zilizofungwa tangu Desemba 2021, Canada hata kabla, Desemba 2017. Kwa hiyo kama binamu yako yuko London au Toronto na ananunua mpya dukani, hofu hiyo haipo. Wa Houston, dada yangu wa Tabata, mwulize swali moja tu: hiyo simu ataitumia yeye kwanza? Kama ndiyo, subiri miezi yako. Kama hapana, aiache rafuni, aongeze pesa achukue ya wazi.

Mimi na kaka tuko sawa sasa. Nilimwomba radhi kwa sauti, si kwa ujumbe, akacheka akaniambia nimshonee kanzu. Imeisha tangu Jumatatu, nimeipiga pasi, natafuta tu mtu wa kuipeleka.