Buji nyeusi si lazima motere imekufa

Ndugu unayeuliza kama buji (plagi zenye kuwasha esanse ndani ya motere) zikitoka nyeusi motere imekufa: hapana, guza kwanza, kama ni masizi makavu yenye kubakia ku kidole basi esanse inazidi hewa, na kwa gari ya zamani ya kabureta (kifaa chenye kuchanganya esanse na hewa) hapa Goma inatokea sana juu tuko karibu mita 1,500 na hewa ni nyepesi, angalia filta ya hewa (vumbi ya volkano inaiziba mbio) kisha fundi apunguze esanse. Ila kama zimelowa mafuta ya motere, hapo ni pete za pistoni ao sili za vali (zenye kuzuia mafuta yasiingie kwenye esanse inawakia) zimechoka, ninaziona kila siku garajini. Na tena, filta ya mafuta ya motere usinunue juu tu inaingia pale inafungiwa, nyuzi za kufungia zinaweza kulingana lakini mpira na vali ya ndani si moja, fata namba ya motere yako.